Bâche Iliyozidi Kila Asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kasonia alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaanza kuivuta bâche inyooke juu ya piscine, bwawa la kuogelea la Komanda. Ilikuwa turubai la plastiki ya buluu, lenye malengelenge madogo madogo upande mmoja kama mgongo wa chura. Malengelenge hayo ndiyo yanayoshika joto la jua na kulishusha majini, kwa hiyo ni lazima yaangalie maji, si mbingu. Askari wa kwanza aliyepewa kazi hiyo aliilaza bâche juu chini wiki mbili nzima. Maji yakabaki baridi, na Komanda akamtupa kwenye kizuizi cha barabara, barrière ya Manguredjipa, huko kwenye matope. Ndipo akatafutwa mtu mwenye mikono, akapatikana Kasonia.

Butembo ni mji wa baridi. Ukungu unaondoka saa tatu, siku nyingine hauondoki kabisa. Komanda alikuwa mtu wa kutoka nchi za joto, na alipenda kuoga saa tano kamili, maji yakiwa ya uvuguvugu. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa kahawa, aliyekimbia na watoto mwanzoni mwa vita ya pili ya Kongo, akaacha hata sufuria jikoni na maharagwe ndani ya sufuria. Komanda aliingia, akakuta shimo la maji ya kijani na vyura, akaamuru lisafishwe. Bâche iliagizwa Dubai. Ilipanda lori mpakani Kasindi na ikapita barrière zote bila kufunguliwa. Mwezi huohuo dawa za malaria zilikaa hapo mpakani siku arobaini, kwa sababu karatasi zake zilikosa muhuri.

Kasonia aliitunza vizuri, kwa sababu hakujua kufanya kazi vibaya. Aliikunja kivulini, maana ikikunjwa juani malengelenge yanapikana na kupasuka. Aliisuuza kwa maji matupu, bila sabuni. Siku ya kutia klorini nyingi aliiacha nje hadi harufu ipungue, kwa kuwa dawa ile inaila plastiki. Mtu yeyote aliyetaka kutembea juu yake alimfukuza, hata askari mwenye bunduki.

Kabla ya hapo alikuwa seremala. Shule aliiacha darasa la nne, lakini futi aliijua kuliko mwalimu. Alitengeneza vitanda na majeneza, na huko Bulengera, alikokaa, watu walisema Kasonia anajua urefu wako kabla ya kujua jina lako. Vita iliua kazi yake kwa njia mbili. Askari walichoma mbao zake kwa kupikia. Kisha watu wakaanza kufa bila miili yao kuonekana, na jeneza bila mwili, nani ataliagiza?

Alikuwa na sababu nyingine ya kukubali kazi ya piscine. Mwanawe Malachie, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa amekamatwa kwenye barrière ya barabara ya Beni, akisukuma baiskeli yenye gunia la maharagwe. Ilikuwa sasa miezi saba. Kasonia alifikiri kwamba ukikaa karibu na mdomo wa mkubwa, siku moja utasikia neno.

Neno alilisikia, na lilikuwa moja tu. Kila alipouliza, Komanda alimjibu huku akijifuta kwa taulo:

“Papa, mutoto wako iko mafunzo kule Beni. Anakula muzuri kukupita weye.”

“Na kama alikufa, Afande?”

“Nani alikuambia alikufa? Tika maneno hiyo.”

Na kulikuwa na amri. Mtu aliye mafunzoni haliliwi. Mjini Butembo, mtu akifa, familia inatundika bâche uwanjani juu ya miti minne, na kila anayepita barabarani akiiona anaingia. Hata kama hakumjua marehemu, anatoa pole kwa mwenye nyumba, anaweka kuni au bakuli la maharagwe, anakaa. Haulizi. Na kama mwili umepotea, wanazika shina la mgomba lililokatwa kwa urefu wa marehemu. Wakubwa wa mouvement, jeshi la waasi la Komanda lililoshika mji, walikataza yote mawili. Walisema kumlilia mtu ambaye hakuna aliyeona maiti yake ni kuwasingizia kwamba wanaua. Mzee Mathe, jirani ya Kasonia, alitundika bâche kwa ajili ya mjukuu wake. Alichapwa fimbo ishirini, na bâche ikachukuliwa kufunika risasi.

Kwa hiyo Kyakimwa, mama Malachie, hakuwa amelia. Miezi saba alipika, akalima, akaenda misa, uso mkavu kama ubao.

Bâche ya piscine ilizidi kwa mara ya kwanza Jumanne moja, katikati ya mvua za masika. Kasonia alikuta ulimi mmoja wa plastiki umetoka ukingoni na kulala juu ya vigae, upana wa mabega, malengelenge upande wa chini kama bâche yenyewe. Jana yake haukuwapo. Alitoa futi mfukoni akaupima. Mita moja na sitini na mbili.

Bâche ikizidi ukingo, upepo unaingia chini yake na majani yanaingia majini. Dawa yake ni mkasi. Kasonia aliukata ulimi ule, akaukunja, akauweka kwenye chumba cha pompi. Komanda alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama.

“Imevutika juu ya jua,” alisema.

“Ndiyo, Afande.”

Jumatano zilitoka ndimi mbili, mmoja wa mita moja na sabini na moja, mwingine wa mita moja na kumi na mbili. Huo wa pili ulikuwa mwembamba. Alhamisi hapakutoka kitu. Ijumaa zilitoka tano, na siku hiyo askari walikuwa wamerudi kutoka vijiji fulani, wakiendesha mbuzi mbele yao. Kasonia alikata zote tano. Mikono yake ilikuwa imeshaelewa kilichokuwa mbele yake, kwa sababu ilikuwa imepima watu miaka ishirini. Kichwa kilifuata baadaye kidogo, polepole, kama kawaida yake.

Wa kwanza kusema alikuwa Berthe, mwanamke wa kijiji cha Kipese aliyeleta mboga kwenye mlango wa jiko. Alikuta vipande vimeanikwa kivulini. Aliweka chini kapu lake la poireaux, akakitazama kimoja kwa muda.

“Hii ni ya nani?”

“Ni ya bâche, mama. Ilizidi.”

Berthe alikitandika kipande kwenye majani, akalala kando yake, miguu sawa kwa miguu. Kichwa chake kilifika pale ambapo kwa mtu pangekuwa kwapa. Aliinuka akajipangusa kitenge.

“Ni bwana yangu. Miye nilikuwa namufika hapa tu. Alikuwa ananicheka, anasema atanipandisha ku kiti tukienda kanisa.” Kisha akauliza, “Utaniuzishia?”

“Ni takataka ya piscine. Beba.”

Alimimina poireaux zote chini, akakiweka kipande ndani ya kapu, akaondoka. Siku ile Komanda alikula supu ya mboga bure.

Baada ya wiki watu walikuwa wanafika mlango wa jiko kila asubuhi, mmoja mmoja, bila kelele. Walikuja na kamba zenye mafundo, na fito, na suruali za Krismasi. Lukumani, msafirishaji Mwislamu wa Beni, alileta kanzu ya kaka yake. Aliilaza juu ya kipande cha tatu, na pindo likaanguka mahali pake sawasawa. Alisema aksanti, akauliza qibla iko upande gani, akasali hapo hapo kando ya pompi. Kila aliyepata mtu wake alikwenda kumzika pembeni ya migomba yake. Kila aliyekosa alisema, “Nitarudia kesho,” na Kasonia hakujua kama amwombee akose tena au apate.

Yeye mwenyewe alikuwa na alama yake. Nyumbani, kwenye fremu ya mlango, alikuwa amempima Malachie kwa penseli ya seremala, wiki moja kabla ya ile safari ya Beni. Mita moja na sabini na moja. Ulimi wa Jumatano ile ya kwanza ulikuwa na urefu huohuo, na ulikuwa umemkata pumzi, lakini mabega yake yalikuwa mapana kama ya baunsa, na Malachie alikuwa mwembamba. Mtu wa Bulengera aliuchukua siku ya pili baada ya Berthe. Tangu hapo Kasonia alifungua futi kila asubuhi, na alipokuta namba nyingine alipumua, kisha akaona haya kwa kupumua, kwa sababu hiyo namba nyingine ilikuwa ya mtu.

Habari zilimfikia Komanda. Hakushangaa. Alimwita Kasonia kwenye baraza.

“Banasema unagawa mali ya mouvement.”

“Ni mabaki tu, Afande.”

“Mabaki ya mali ni mali. Ni nani alikupatia ruhusa ya kukata?”

“Ikizidi, takataka inaingia mu maji.”

“Donc itazidi. Hapana kata tena hata kidole.”

Kasonia hakukata tena. Siku tisa bâche ilikaa na ndimi zake zote, zikiongezeka, zikilala juu ya vigae pande nne za piscine kama watu waliochoka. Upepo uliingia chini. Majani ya mikaratusi yaliingia, vumbi likaingia, maji yakawa na rangi ya maji ya mchele. Siku ya kumi Komanda alitia mguu, akautoa.

“Hii ni piscine ao ni shamba ya muchele? Osha maji. Osha na ile bâche.”

“Kuiosha ni rahisi, Afande. Lakini siwezi kuikunja mu jua, itapikana. Lazima ining’inie, upepo upite.”

“Si uning’inize! Miye nitakufundisha kazi yako?”

Kasonia hakuwa na hila. Alikuwa na bâche ya mita kumi na mbili kwa sita, yenye ndimi ishirini na tisa, na alikuwa na mahali pamoja tu pa kuitundika, uwanja wa mbele, kati ya piscine na barabara. Alisafisha maji jioni ile, na asubuhi yake akasimika miti ya mikaratusi, askari wawili wakamsaidia kuvuta kamba. Kabla ya kuitundika alipima ulimi mpya uliotoka asubuhi ile. Mita moja na sabini na tano. Ulikuwa mwembamba mabegani. Namba haikuwa ile. Alipumua, akaona haya, akafunga kamba ya mwisho.

Bâche ilisimama juu ya miti, ndimi zikining’inia pande zote, na kila aliyepita barabarani aliiona.

Wa kwanza kuingia walikuwa wanawake watatu waliokuwa wanatoka kuchota maji. Walitua ndoo, wakavuka geti, wakakaa chini ya bâche. Askari wa geti, kijana mwenyeji wa Lubero, aliiona bâche, akawaona wanawake, akavua kofia. Hakuna anayefungia watu mlango wa kilio. Baada yao waliingia wachuuzi wa soko, na mafundi wa baiskeli, na katekista, na Lukumani na madereva wake wawili. Kila mmoja alikuja na kuni au kikombe cha unga au kitunguu. Waliwasha moto juu ya vigae vya Komanda. Waliokuwa na watu wao juu pale walikaa kila mmoja chini ya ulimi wake. Saa nne walikuwa watu mia tatu, na hakuna aliyekuwa amesema neno zaidi ya pole.

Saa tano kamili Komanda alitoka na kaptula ya kuogelea na taulo shingoni.

Mwenye nyumba ndiye anayepewa pole. Watu walisimama, wakapanga mstari, wakaanza kumpa mkono. Pole, Komanda. Pole sana, Komanda. Mungu akutie nguvu. Aliwapa mkono kumi au kumi na tano kabla hajaelewa, kwa sababu mkono ukinyooshwa unapokelewa. Mwanamke mmoja alimwekea kuni mikononi.

“Ni nani alikufa hapa?” aliuliza, kuni zikiwa mikononi.

Wakamwachia Mzee Mathe aseme, kwa kuwa fimbo alikuwa ameshazila.

“Siye tuliona bâche, Komanda.”

“Muliona bâche ya piscine! Hakuna mutu alikufa!”

“Sawa. Basi tunamulilia huyo Hakuna. Alikuwa mutu mwema, na familia yake ni kubwa.”

Watu walicheka kidogo kidogo, kicheko kile cha kwenye kilio, ambacho hakimkasirishi marehemu. Komanda alitupa kuni chini.

Kyakimwa alikuwa amefika pamoja na wanawake wa Bulengera, na tita la kuni kichwani, kama anavyokwenda kwenye kilio chochote. Hakukaa. Alipita chini ya ndimi, mmoja baada ya mwingine, polepole, hadi alipofika kwenye ule wa mwisho. Alisimama mbele yake, akaangalia juu, kama anavyoangalia mama aliyepitwa urefu na mtoto.

“Kasonia,” alisema. “Huyu.”

Kasonia alikwenda karibu. “Si yeye, mama Malachie. Nilipima. Huyu ni sabini na tano. Yetu ni sabini na moja.”

“Miezi saba, Kasonia.”

“Futi haina uongo.”

“Miezi saba. Mutoto alikuwa angali anakomaa.”

Kasonia aliitazama futi mkononi mwake. Mji mzima alikuwa ameupima, watu wazima wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaendelea kurefuka. Hilo tu hakuliweka kwenye hesabu. Alishika ulimi ule kwa vidole viwili, pale ambapo pangekuwa mkono. Ulikuwa na joto la jua.

Kisha alivuka uwanja hadi kwa Komanda, futi ikiwa bado mkononi.

“Afande. Unambie ya Malachie. Mbele ya batu.”

Komanda alishika ncha za taulo.

“Iko mafunzo,” alisema Komanda.

“Sema alikufa tu. Sitauliza nani, sitauliza wapi. Sema tu alikufa, mama yake apate kulia.”

“Papa, uko kiziwi? Iko ma-fun-zo.”

Akageuka, akatembea katikati yao, akajitupa piscine. Watu mia tatu walimtazama akiogelea, akienda na kurudi, akienda na kurudi. Katekista alianzisha wimbo wa wafu. Maji yalikuwa baridi, kwa sababu kifuniko kilikuwa juu ya vichwa vya watu, na Komanda alitoka upesi, midomo ikiwa ya zambarau.

Hakuwapiga risasi. Baadhi ya askari wake walikuwa wameketi pamoja na waliokaa, na hiyo aliiona. Alifanya jambo jingine. Kesho yake bureau, ofisi ya Komanda, ilitoa tangazo kwamba mouvement inapenda usafi, na kwamba kila familia inaweza kuomba kipande cha plastiki mbovu na kukizika, bila bâche na bila kilio, kwa ruhusa ya maandishi. Kwanza ilibidi kutia sahihi kwamba mtu wao yuko mafunzoni na ni mzima.

Kasonia na Kyakimwa walisimama kwenye mstari kwa muda wa saa sita. Katibu alikuwa kijana mwenye miwani na daftari kubwa. Aliposikia jina alifungua daftari, akapitisha kalamu chini, akasimama mahali fulani.

“Malachie. Iko. Aliandikishwa barrière ya barabara ya Beni, mita moja sabini na moja.” Akaandika kwenye karatasi: plastiki mbovu, kipande kimoja, mita 1,71.

“Ni sabini na tano,” alisema Kasonia.

“Daftari inasema sabini na moja.”

“Alikomaa.”

“Papa, kama ni sabini na tano, hapana yeye. Na kama hapana yeye, ruhusa hakuna. Nitafanya je? Siwezi kuandika mutu mwenye hayuko mu daftari.”

Kasonia alishika ukingo wa meza. Alikuwa na mikono ya kuibeba meza ile na kuivunjia kichwani mwa kijana yule, na kila mtu mle ndani aliijua mikono hiyo, hata kijana.

“Siandiki kwamba ni mzima,” alisema. “Siandiki uongo huo.”

“Andika,” alisema Kyakimwa. “Ile karatasi ni yabo. Miye nataka mutoto wangu.”

Kasonia akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa, za darasa la nne, na kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili.

Kasonia aliukata ule ulimi wa mwisho, na askari mmoja akawasindikiza hadi Bulengera kuhakikisha kwamba hakuna anayelia. Shimo lilikuwa limeshachimbwa pembeni ya migomba. Mzee Mathe alikuwapo, mikono nyuma, na Berthe pia. Askari alisoma ruhusa kwa sauti, akaomba futi, akapima kipande, akatikisa kichwa.

“Imezidi santimita nne. Miye sina matata na nyinyi, lakini karatasi ni karatasi. Yenye kuzidi hapana ingia mu shimo.”

Kasonia alitoa mkasi. Alipiga magoti, akaanza upande wa kichwa, akasimamisha mkono, akageuka upande wa miguu. Alikata sentimita nne, mstari ulionyooka kama wa ubao. Kisha wakamshusha Malachie kwa urefu wake wa siku aliyokamatwa, wakamfunika udongo. Askari alikaa kwenye jiwe hadi walipomaliza, akakataa chai, akaenda.

Asubuhi yake saa kumi na mbili na nusu Kasonia alikuwa kwenye piscine, kwa sababu Komanda alikuwa ametuma mtu kusema kwamba maji ni baridi. Ndimi nne zilikuwa zimetoka. Sasa kukata kuliruhusiwa. Katibu alikaa kando kwenye kiti, akiandika urefu. Saa tano Komanda aliingia majini, na maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Ule ukanda uliokatwa miguuni mwa Malachie, Kyakimwa aliufunga kiunoni, chini ya kitenge. Ni mwembamba, upana wa vidole viwili na kidogo, malengelenge yakiangalia ngozi. Unashika joto. Kila Jumapili baada ya misa anaufungua, na Kasonia anaupima. Haujazidi. Ni sentimita nne.